Ulienda lini, na ulilipa ngapi? Ushauri wa safari unaofaa kuaminiwa

Mwisho wa mwezi ukikaribia, kuna meseji ambayo lazima iingie kwenye kundi letu la WhatsApp la wasafiri. "Wasee, Diani iko aje?" Basi. Hakuna tarehe, hakuna idadi ya watu, hakuna bajeti. Na majibu huanza kumiminika: "Diani ni moto," "Diani haijawahi kuniangusha," picha ya mnazi na jua likizama, kisha wale wa siku zote: "Nicheki inboksi nikupange."

Ukihesabu utapata majibu 40. Ukiyakamua yote, hutoki na kitu cha kukusaidia hata kupanda gari.

Juzi lakini, katikati ya kelele hizo, jamaa mmoja aliandika aya moja ndefu. Alienda wiki ya pili ya Januari, wakiwa wawili. SGR walilipa 1,500 kila mtu. Walishuka Miritini wakachukua matatu hadi mjini badala ya teksi, wakavuka Likoni kwa feri bila kulipa kwa sababu walikuwa kwa miguu, wakapanda matatu ya Ukunda. Chumba walichokodisha kilikuwa mwendo wa dakika 20 kutoka ufuoni, si dakika tano kama tangazo lilivyodai. Maji yalikatika usiku wa pili. Akamalizia kwa kusema wangejua, wangelipa zaidi kidogo walale karibu na bahari, kwa sababu hiyo pesa waliyookoa yote iliishia kwa tuktuk.

Hakuna aliyempigia makofi. Watu walipita tu wakaendelea kutuma mioto yao. Na bado hiyo ndiyo meseji pekee siku hiyo ambayo ungeweza kuifanyia kazi.

Nimekuwa admini wa kundi hilo tangu 2021, mwaka nilioacha chuo karo ilipokwama. Nilikuwa na muda mwingi, bando kidogo, na hamu ya kwenda mahali popote ambapo si kwetu. Leo tumejaa, watu 1,024, idadi ya mwisho ambayo WhatsApp inaruhusu, na kila mtu akitoka kuna wengine wanasubiri kuingia. Kwa miaka hii nimesoma maelfu ya meseji za safari, na nimefika mahali naweza kukuambia mapema ni gani itakufikisha na ni gani itakupoteza. Nilijifunza vibaya, tena kwa pesa za watu wengine. Nitafika hapo.

Kwanza, usidhani haya ni mambo ya kizazi cha bando. Siku ukiwa mjini, pitia kona ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue, pale hoteli ya Stanley. Kuna mkahawa unaoitwa Thorn Tree, ulifunguliwa 1959, na jina limetokana na mgunga uliopandwa pale katikati. Wazungu waliokuwa wakivuka Afrika kwa malori na magari ya kuchakaa walikuwa wakibandika vikaratasi kwenye ule mti. Fulani, nimetangulia Kampala, nitakusubiri hadi tarehe kadhaa. Nauza hema. Natafuta watu wawili wa kuchangia mafuta hadi kusini. Hakukuwa na simu ya kumtafuta mtu, hivyo ukifika Nairobi unaenda kusoma mti.

Umaarufu wa huo mti ulifika mbali. Mwaka 1996 kampuni ya vitabu vya wasafiri ya Lonely Planet ilipofungua ukumbi wake wa majadiliano kwenye intaneti, iliuita Thorn Tree. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa dunia nzima wakawa wanaulizana njia mle ndani, wengi wao bila kujua jina limetoka Kimathi Street. Wakati wa Corona ukapigwa kufuli, na hatimaye ukazimwa kabisa.

Mimi kinachonivutia ni karatasi yenyewe. Ilikuwa na jina la mwandishi, tarehe, na mtu anayeandikiwa. Aliyebandika hakuwa anapata kamisheni. Na karatasi ikizeeka ilianguka au ikaondolewa kupisha nyingine, kwa hivyo hukuweza kusoma ushauri wa miaka minne iliyopita ukidhani ni wa leo asubuhi. Hayo mambo yalikuja bure na karatasi. Sisi kwenye simu lazima tuyadai kwa mdomo.

Chukua tarehe. Huwezi kuamini ni watu wangapi bado wanaambiana SGR ya Nairobi hadi Mombasa ni thao. Ilikuwa thao. Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda hadi 1,500, na ile ya daraja la kwanza ikatoka 3,000 hadi 4,500. Mtu aliyesafiri 2022 hakudanganyi akikuambia 1,000, anakukumbukia tu. Lakini familia ya watu watano ikipanga safari kwa hesabu yake, inafika kwenye malipo ikiwa imepungukiwa na 2,500 kwenda na 2,500 kurudi, na hiyo pesa inatoka kwa chakula cha watoto.

Kwenye mipaka ndiko kunauma zaidi. Binamu yangu alienda Arusha harusini mwaka jana akiwa na kitambulisho tu mfukoni, kwa sababu mtu alimwambia "Afrika Mashariki ni ID tu, hakuna mambo ya pasipoti." Huyo mtu alikuwa amewahi kwenda Kampala. Na kwa Kampala alikuwa sahihi kabisa: tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Kule unahitaji pasipoti, au kibali cha muda cha kusafiria. Binamu alifika Namanga, akaona foleni inavyosonga, akaambiwa arudi upande wake akatafute karatasi. Harusi aliikuta kwenye picha.

Nani alikosea? Aliyejibu alisema jambo la kweli kuhusu safari yake. Aliyeuliza hakusema anaenda wapi hasa. Na watu 30 waliokuwa wakisoma, wakiwemo wanaovuka Namanga kila wiki kwa biashara, walinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa tayari limeshatolewa. Hapo ndipo mazungumzo yetu huharibika mara nyingi kuliko mahali pengine. Wa kwanza kujibu anachukuliwa kuwa amemaliza.

Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Watu watafuata timu kutoka mji hadi mji, kuvuka mpaka hata mara mbili kwa wiki. Ukiwaza hivyo utaona kwa nini nauliza mapema nani amevuka wapi, lini, na kwa karatasi gani.

Ni hivyo hivyo kwa wageni wetu wanaokuja. Serikali ilipoondoa visa Januari 2024, mitandao ilijaa "Kenya haina visa tena, njoo tu." Kweli visa haikuwepo, lakini kulikuwa na eTA, kibali cha mtandaoni cha dola 30 ambacho lazima ukipate kabla ya kupanda ndege. Mwaka 2025 raia wa nchi nyingi za Afrika wakaondolewa sharti hilo. Kwa hivyo ndani ya miaka miwili "unahitaji" na "huhitaji" zote zimewahi kuwa kweli, kulingana na mwezi na pasipoti. Sentensi bila tarehe hapo ni kama tikiti bila jina.

Kuna nyakati hata tarehe haitoshi, unataka saa. Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia katikati ya Nairobi. Mabasi ya usiku kutoka mashambani yakakwama nje ya jiji na watu wakaanza kutembea na mizigo kichwani. Kundi letu, ambalo kwa kawaida ni vichekesho na picha za mabwawa ya kuogelea, siku hiyo lilikuwa na kazi. Mmoja alishushwa Waiyaki Way alfajiri, akaandika ameshukia wapi, saa ngapi, na kwamba boda zinapita kwa njia ya ndani. Mwingine akatuma yuko Thika Road, akataja steji. Mwingine akasema, "Nilipita hapo dakika 20 zilizopita, sasa wamefunga." Hakuna aliyekuwa mtaalamu. Hakuna aliyetoa maoni kuhusu serikali, ingawa sote tulikuwa nayo. Kila meseji ilikuwa na mahali na saa, na kila mpya ilisahihisha ya kabla yake. Kufika adhuhuri zote zilikuwa zimeshachacha, na hakuna aliyejali.

Sasa ngoja tuingie kwa kubishana, kwa sababu wengi wenu mkiona watu wanabishana kwenye kundi mnazima arifa.

Kuna ubishi mmoja huwa unarudi kila mwaka: Lamu ni salama au si salama? Upande mmoja anasimama mtu aliyetoka Shela wiki iliyopita, amekula kaa, ametembea usiku vichochoroni bila kuguswa, na anakasirika akisikia Lamu ikitajwa vibaya. Upande wa pili yuko mtu ambaye amesafiri kwa basi kupitia Garsen na Witu, anajua kwa nini kwa miaka mingi mabasi ya njia ile yamekuwa yakisindikizwa na polisi, na anawakumbuka waliouawa barabarani na Al-Shabaab. Kila mmoja anamwona mwenzake kama muongo.

Mara ya mwisho ubishi huo ulipozuka nilikaribia kufunga kundi watu wapoe. Kisha dada mmoja akauliza swali dogo tu: "Nyinyi wawili mlifikaje?" Wa kwanza alikuwa amepanda ndege Wilson hadi Manda, halafu boti. Wa pili alienda kwa barabara kutoka Mombasa. Kumbe walikuwa wanazungumzia safari mbili tofauti kabisa zenye mwisho mmoja! Kisiwa ni kitu kimoja, barabara ya bara kufika huko ni kitu kingine. Baada ya hapo watu walianza kupeana vitu vya maana: basi linaondoka saa ngapi, usifike Mokowe jua limezama, ndege ukikata mapema unaokoa kiasi gani. Nimejaribu kukumbuka kitabu au tangazo ambalo lingenipa hayo yote, sikupata. Yalitoka kwa watu wawili waliokuwa karibu kutukanana.

Jambo hilo la "wewe ulifikaje" lina dada yake: "wewe ni nani?" Sisemi jina na kabila. Nasema mwili unaosafiri. Wanaojibu haraka kwenye kundi letu ni wanaume wa miaka ishirini na kitu, mimi nikiwemo. Tukiulizwa kama matatu ya saa tano usiku kutoka steji fulani iko sawa, tunajibu iko sawa, na hatudanganyi, sisi ilitufikisha. Kisha mwanamke anaandika, "Iko sawa kwako." Anaeleza makanga alimfanyia nini, steji ina taa au haina, na kwamba yeye siku hizi hushuka vituo viwili kabla mahali penye petroli inayofanya kazi usiku kucha. Nimeona wanaume wakimjibu kwamba anaogopa sana. Hao siku hizi nawatoa bila kuwaaga. Mtu wa kiti cha magurudumu naye aliwahi kutuuliza kuhusu treni ya Mombasa, na katika watu zaidi ya elfu moja hakuna aliyejua jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kulazimika kujua. Alienda, akarudi, akatuandikia yeye. Hiyo meseji nimeihifadhi na naituma kila mara swali likirudi.

Kurudi kutuandikia. Weka hapo alama. Kati ya watu mia wanaouliza, labda watano ndio hurudi kusema mambo yalivyoenda. Wengine wanachukua njia wanayoambiwa, wanapiga picha, wanapotea hadi likizo nyingine. Naelewa, mtu akitoka likizo amechoka na deni linamsubiri. Lakini bila hao watano tungekuwa tunazungusha uvumi uleule.

Sasa lile niliahidi.

Machi 2023 kulikuwa na jamaa anapanga tripu. Simtaji, na wala si kampuni yenye jina, alikuwa na simu, nembo nzuri na maneno matamu. Kila tripu alinipa kiti cha bure, na shilingi 200 kwa kila mtu wa kundi langu aliyelipa. Sikuona ubaya. Mtu bila kazi ukipewa kiti cha bure kwenda Diani unaona umefika. Kwenye kundi nilikuwa namsifu, tena kwa moyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba sifa zangu zina bei.

Jumapili, Machi 19, saa mbili usiku, dada mmoja wa Rongai akaandika. Alisema alilipa 6,500 tarehe 3 kwa tripu ya mwisho wa mwezi, tarehe imesongezwa mara mbili hadi Pasaka, na sasa jamaa hashiki simu. Akauliza, "Kuna mwingine yamemkuta?"

Isome tena hiyo meseji. Ina kiasi, ina tarehe, ina kilichotokea, haina tusi hata moja, na inaishia kwa swali. Katika miaka yangu yote ya uadmini sijawahi kuona meseji bora kuliko hiyo. Niliifuta ndani ya dakika nne.

WhatsApp inaacha alama admini akifuta kitu. Mtu akauliza kulikuwa na nini. Nikajibu ni takataka za matangazo. Dada nikamfuata inboksi nikamwambia tusiharibiane biashara, amtafute jamaa wamalizane. Hakunijibu, alitoka kundini usiku uleule.

Alhamisi usiku kabla ya Ijumaa Kuu tulikuwa mjini na mabegi yetu, watu 14. Mimi pia nilikuwepo, kiti changu cha bure kikinisubiri. Saa tatu, saa nne, saa sita. Hakuna basi. Simu ya jamaa imezimwa. Mama mmoja alikuwa amekuja na mtoto aliyevaa tayari boya za kuogelea mikononi, hakutaka kuvuliwa.

Nilipofika nyumbani nilihesabu. Katika wale 14, tisa walikuwa wamelipa baada ya Machi 19, yaani baada ya mimi kufuta. Hiyo ni 58,500 ambayo ingebaki mifukoni mwao kama ningekaa mbali na simu yangu jioni moja. Kamisheni yangu kwa hao tisa ilikuwa 1,800.

Polisi tulienda, tukaandikisha. Pesa hazijarudi. Kundini nilikiri yote, na kiasi nikakitaja. Watu karibu 200 walitoka wiki hiyo, sikuwalaumu. Yule dada nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alijibu mara moja tu, akiniambia nimrudishie meseji yake mahali ilipokuwa. Haiwezekani kiufundi, lakini niliiandika upya kama nilivyoikumbuka, nikaibandika juu kabisa ya kundi, na iko pale hadi leo.

Kutoka hapo tuliweka utaratibu. Anayesifu hoteli, dereva au tripu lazima aseme kama anapata chochote, hata kama ni soda. Hatukatazi kupata, watu wanatafuta riziki, lakini tujue. Malalamiko yenye tarehe na kiasi hayafutwi. Anayelalamikiwa anaingizwa kundini ajibu hadharani, na mara mbili imetokea kwamba alikuwa na risiti na mlalamishi ndiye aliyekuwa amechelewa basi. Na neno "inboksi" limepigwa marufuku kwa bei. Ukinijibu bei faraghani, wengine hawawezi kukusahihisha. Waandaaji wanne walihama siku tulipotangaza hilo. Sitasema zaidi kuwahusu.

Kuna wanaoniuliza, hamuogopi kushtakiwa? Swali ni la haki. Watu wengi hunyamaza baada ya kutapeliwa kwa sababu mbili, aibu na hofu ya wakili. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitupa kile kifungu kilichofanya kumharibia mtu jina kuwa kosa la jinai, kwa hivyo hutafungwa jela kwa kifungu hicho. Kesi ya kudaiwa fidia bado ipo lakini. Ndiyo maana nakuambia andika kama yule dada wa Rongai. "Nililipa kiasi hiki, siku hii, kwa namba hii, sikupata hiki" ni kitu unaweza kukionyesha kwa meseji ya M-Pesa. "Huyu ni mwizi" ni kitu utaombwa uthibitishe. La kwanza pia ndilo linamsaidia anayefuata, maana anaweza kulinganisha na lake.

Na kabla hujafika kwa kulalamika, kuna mambo ya dakika tano. Anayeendesha biashara ya kutembeza watu anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011. Mwombe nakala. Akikasirika, umeshapata jibu. Angalia pesa inaenda wapi: jina linalotokea kwenye simu kabla hujakamilisha malipo liwe ndilo la biashara unayoambiwa, si la shemeji yake. Kumbuka pia kurudisha pesa kwa kutuma meseji kwenda 456 kumewekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba. Ukimtumia tapeli kwa hiari yako, naye akatoa hizo pesa kwa wakala dakika mbili baadaye, usiweke matumaini hapo. Lakini hata leseni na jina sahihi havitakuambia kama gari lina kiyoyozi au maji hukatika usiku wa pili. Hayo yanajulikana na aliyelala pale.

Desemba inakuja na nauli zitapanda kama kawaida yake, na maswali yataongezeka. Ukiuliza, popote unapouliza, sema mko wangapi, mnatoka wapi, lini, mna ngapi, na kama kuna mtoto au mgonjwa. Utashangaa watu wanavyobadilika ukiwapa kitu cha kushika. Ukijibu, anza na mwezi na mwaka. Na ukirudi, rudi kweli.

Mimi naanza. Hell's Gate, Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka huu, watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Matatu Nairobi hadi Naivasha 500 kwenda, 600 kurudi kwa sababu tulichelewa na kondakta aliona hatuna namna. Baiskeli tulikodisha nje ya lango la Elsa kwa 700 kwa siku. Yangu ilikuwa na breki ya nyuma iliyokufa na sikugundua hadi kwenye mteremko, kagua kabla hujalipa. Kiingilio ni kwa eCitizen, na mtandao pale langoni ulitusumbua, ni heri ulipe ukiwa bado mjini. Maji ya kunywa beba kutoka Naivasha. Sikulala huko, kwa hivyo kuhusu kambi usiniulize. Hizo bei ni za siku hiyo, na kama umeenda baada yetu na umekuta nyingine, andika hapo chini.